Kiongozi asiye na cheo, na vita vilivyofika Kagera

Mwanzoni mwa Machi 1979 Kanali Muammar Gaddafi alijivua nyadhifa zake zote katika serikali ya Libya. Kwa maandishi, tangu hapo hakuwa rais wala waziri mkuu, na hakuongoza kikao chochote cha dola. Aliitwa Kiongozi wa Mapinduzi, basi. Mwezi haujafika nusu, askari wa Libya walikuwa wanafia Lukaya, kwenye barabara inayokatiza kinamasi cha mafunjo kati ya Masaka na Kampala, wakimpigania Rais Idi Amin wa Uganda dhidi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Jioni ya Machi 10 Brigedi ya 201 ya Tanzania ilitawanywa. Kesho yake Brigedi ya 208, iliyokuwa imezunguka usiku kucha, ikawakata adui kwa nyuma. Zilihesabiwa maiti zaidi ya 400, karibu nusu zikiwa za Walibya.

Nani aliwatuma pale? Ukizifuata taratibu ambazo Libya yenyewe ilijiwekea, hupati jibu. Jibu hilo lililokosekana linaeleza utawala wa Gaddafi kuliko hotuba zake zote.

Mkoa wa Kagera, ambako vita hivyo vilianzia, una haki ya kulishikilia swali hili. Tangu Gaddafi auawe Sirte tarehe 20 Oktoba 2011, ujumbe wa aina moja hauishi kuzunguka kwenye simu: Libya umeme ulikuwa bure, maharusi walipewa fedha, nyumba kila mtu alikuwa nayo, kisha demokrasia ya kigeni ikaja kuharibu. Vijana wa Kitendaguro na Muleba huupokea na kuusambaza kama vijana wa mahali pengine popote Afrika Mashariki. Mengi yaliyomo yametiwa chumvi, ila kiini chake ni cha kweli, na anayetaka kubishana kwa haki aanze kwa kukikubali. Gaddafi aliikuta nchi yenye mafuta mengi na watu wengi wasiojua kusoma. Serikali yake iliyabana makampuni ya mafuta mpaka yakaongeza bei, ikajenga shule, hospitali na makazi, na kuanzia 1984 ikajenga mradi mkubwa wa kuleta maji ya chini ya jangwa mpaka miji ya pwani. Mwaka 2010 Libya ilikuwa juu ya nchi zote za bara la Afrika kwenye kipimo cha maendeleo ya watu cha Umoja wa Mataifa.

Hayo yote ni hesabu ya alichotoa. Ujumbe wa simu hauulizi ni nani alikuwa na uwezo wa kumkatalia.

Mfumo wenyewe ulitangazwa mjini Sabha, Machi 2, 1977. Jamhuri ya Kiarabu iliyozaliwa na mapinduzi ya Septemba 1, 1969 ikafutwa jina, ikawa Jamahiriya, dola ambalo umma ungejitawala bila wawakilishi. Kila mtu mzima alikuwa mjumbe wa mkutano wa msingi wa mahali anapoishi. Maamuzi ya mikutano hiyo yalipanda hadi Mkutano Mkuu wa Umma, na kamati za umma zikayatekeleza. Vyama vya siasa vilikuwa vimepigwa marufuku tangu 1972, adhabu ya kuunda chama ikiwa kifo. Msomaji aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi anaweza kuona kitu cha kuvutia hapo: mwananchi anaitwa kikaoni, anasikilizwa kuhusu barabara na zahanati ya kwao. Na kweli, kwenye mambo ya barabara na zahanati mikutano ile ilifanya kazi.

Lakini jeshi halikuwa kwenye ajenda, wala mafuta, wala uhusiano na nchi za nje. Pembeni ya mikutano zilikaa Kamati za Mapinduzi, zilizoanza mwishoni mwa 1977. Hazikuchaguliwa na mtu, zilimtii Kiongozi moja kwa moja, na baadaye zikapewa hata mahakama zao. Kilichotokea 1984 kinaonyesha mizani ilivyolala. Mikutano ya msingi ilijadili pendekezo la kuwapa wanawake mafunzo ya kijeshi kwa lazima, ikalikataa, na Mkutano Mkuu ukaufuata msimamo huo. Kwa mara moja, umma ulikuwa umesema hapana. Wiki chache baadaye yakaandaliwa maandamano ya kuunga mkono, na sheria ikapita.

Ikiwa wananchi walishindwa kuwazuia mabinti zao kupelekwa mafunzoni, basi mama wa Benghazi hakuwa na pa kuuliza kijana wake anakwenda kufanya nini Uganda. Wengi waliopelekwa walikuwa wanamgambo wasiokuwa na uzoefu wa vita, na waandishi wa historia ya vita hivyo wameeleza kwamba baadhi yao walidhani wanakwenda mazoezini. Kufikia Entebbe ilipotekwa Aprili 7, na Kampala siku tatu baadaye, Walibya waliokufa walikadiriwa kuwa 600 hivi. Nchi nzima wakati huo ilikuwa na watu wasiozidi milioni tatu.

Upande wa Kagera hesabu ilianza mapema. Oktoba 18, 1978 ndege za Amin ziliipiga Bukoba kwa mabomu. Madhara hayakuwa makubwa, ila vioo vya madirisha vilipasuka kwa kishindo na watu wakaingiwa na hofu kuu. Mwisho wa mwezi majeshi ya Uganda yakaingia hadi Mto Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi ya kaskazini ya mto ni mali yake. Raia waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,500, na makumi ya maelfu walikimbia, ng'ombe wao wakiswagwa kwenda Uganda. Vita hivyo alivianza Amin, si Gaddafi, na haki inataka isemwe hivyo. Lakini Amin alipokuwa anaelekea kuanguka, fedha, silaha na watu vya Tripoli ndivyo vilivyomrefushia siku. Mwishoni mwa Machi Gaddafi alimpa Rais Nyerere wa Tanzania saa 24 aondoe jeshi lake Uganda. Nyerere akakataa. Ndege ya Libya aina ya Tupolev ikatumwa kulipua ghala la mafuta Mwanza, ikalikosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Askari wa Tanzania waliokufa katika vita vile wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, na baadhi yao wangekuwa hai kama Lukaya isingekuwa na vifaru vya Libya.

Mtu atasema: na Tanzania je? Ni swali la haki. CCM ilizaliwa Februari 5, 1977, chini ya mwezi mmoja kabla ya tangazo la Sabha, na ilikuwa chama pekee. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashtaka ilikuwepo tangu 1962 na ilitumika. Uamuzi wa kuvuka mpaka wa Mutukula na kwenda mpaka Kampala ulifanywa na Nyerere na watu wachache, na Julai 1979 viongozi wenzake wa Afrika, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria, walimlaumu waziwazi kwenye mkutano wao huko Monrovia. Mwananchi wa kawaida wa Tanzania naye hakupigia kura vita vile, na mkanda ambao Nyerere alimtaka aukaze kwa miezi 18 ulikaa tumboni miaka mingi zaidi.

Hata hivyo tofauti ipo, na si ya wema wa mtu. Nyerere alikuwa na cheo kinachojulikana, kilichoandikwa kwenye katiba, chenye namna ya kukipata na namna ya kukiacha. Alikiacha 1985 na nchi ikaendelea. Ndani ya chama kimoja, wapigakura waliwaangusha mawaziri tangu 1965. Novemba 2, 1978 alisimama mbele ya wazee wa Dar es Salaam, akasema kwa jina lake mwenyewe kwamba yeye ndiye anayeagiza vita na kwa nini. Aliyetaka kumlaumu alijua amlaumu nani. Gaddafi alichagua mamlaka bila cheo, na mtu asiye na cheo hawezi kujiuzulu, hawezi kuondolewa, wala hana mrithi.

Matokeo yake yaliendelea kuonekana. Mwaka 1987 majeshi ya Libya yalivunjwavunjwa kaskazini mwa Chad, na Gaddafi akawakana mateka wake kwa kudai Libya haikuwa na askari kule. Mmoja wa waliotekwa huko Wadi Doum ni Khalifa Haftar, aliyerudi 2011 na ambaye mwaka 2019 aliishambulia Tripoli yenyewe. Wanaosema demokrasia ndiyo iliyoibomoa Libya wana hoja kuhusu mabomu ya NATO, yaliyoangusha utawala bila mpango wa kesho yake. Ila hawasemi kwamba baada ya miaka 42 hapakuwa na bunge, chama, mahakama huru wala jeshi moja la kuushika usukani. Uchaguzi ulifanyika 2012. Mwaka 2014 nchi iligawanyika kati ya Tripoli na Tobruk. Uchaguzi wa Desemba 24, 2021 ukaahirishwa.

Kwa wakazi wa Bukoba jambo hili haliishii Libya. Katiba ya Tanzania, ibara ya 44, inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita, lakini inamtaka apeleke nakala kwa Spika, naye aitishe Bunge ndani ya siku 14 lifikirie kuunga mkono au kutounga mkono. Kifungu hicho kina thamani pale tu Bunge linapokuwa na watu wanaoweza kusema hapana. Jimbo la Bukoba Mjini limewahi kupeleka bungeni mbunge wa upinzani, mwaka 2000 kupitia CUF na 2015 kupitia Chadema, na haki hiyo ya kuchagua upinzani ilitumiwa na watu wanaovijua vita kwa macho yao. Baada ya uchaguzi wa 2020 karibu viti vyote vya majimbo nchini vilikwenda kwa chama kimoja, huku katiba iliyopendekezwa na Bunge Maalumu Oktoba 2014 ikiwa bado haijapigiwa kura ya maoni. Anayeisifu Libya ya zamani kwenye kundi la simu hapa Kagera aulizwe hilo kwanza: siku Rais yeyote atakapopeleka nakala ile kwa Spika, angependa wabunge wangapi wawe huru kuikataa?