Nabii Anayekupa Tarehe, Muulize Maswali

NENO NA MAISHA
Na Furaha Byamungu

Mwaka 2025 uliipiga Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda, pigo juu ya pigo. Januari 20 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia zilizokwisha kufanyiwa mahojiano na kupimwa afya zikaambiwa hakuna safari. Siku chache baadaye mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ukaanguka mikononi mwa waasi, katikati ya Februari ukafuata Bukavu, na watu wakaendelea kuvuka mpaka kuingia Uganda. Mwezi Mei Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, likakata mgao wa wakimbizi wapatao milioni moja nchini humu. Aliyekuwa akingoja ndege, aliyekuwa akingoja amani kwao na aliyekuwa akingoja chakula cha mwezi, wote walijikuta hawajui tena wangoje nini.

Ndipo swali linapokuja: Mungu anasema nini? Nirudi Kivu? Nibaki? Niende Mbarara kutafuta kibarua, na watoto nimwachie nani? Nalisikia New Congo, nalisikia Juru na Rubondo, humuhumu kambini. Anayeuliza hivyo anaamini kwamba Mungu husema na watu wake, na anataka kujua aelekeze mguu wapi. Anastahili jibu la heshima.

Wapo walio na jibu la haraka. Katika baadhi ya vyumba vya maombi mama anaambiwa: naona ndege, kabla ya Desemba utakuwa umepanda. Kisha anaagizwa afunge siku tatu bila hata maji, alete mbegu, yaani sadaka, na asimwambie mtu, maana adui akisikia ataizuia baraka. Mbegu yenyewe ni mbuzi wa mwisho, au karo ya mtoto. Desemba ikipita bila ndege, lawama inamrudia yeye: hakuamini vya kutosha, au kuna mchawi katika ukoo.

Nasema wazi: wakati wa kuchanganyikiwa, imani ya Kikristo humpa mtu kazi ya leo na watu wa kutembea nao. Anayekupa tarehe, akakutoza, kisha akakukataza kuuliza, amekupa kitu kingine kabisa.

Fungua Yeremia sura ya 28. Baadhi ya watu wa Yuda walikuwa wamekwisha kupelekwa uhamishoni Babeli. Nabii Hanania akasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili waliohamishwa wangerudi, na vyombo vya hekalu vingerudi pamoja nao. Akaivunja hata nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Yeremia hakumtukana. Aliitikia amina, kwa kuwa naye alitamani iwe hivyo. Ila aliwakumbusha watu kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake linapotimia. Hanania akafa mwaka uleule, na miaka yake miwili ikapita bila mtu kurudi.

Katika sura inayofuata Yeremia anawaandikia barua wale walioko Babeli. Anawaagiza wajenge, walime, waoe na kuozesha, na wauombee heri mji uleule wa waliowateka, kwa sababu heri yao wenyewe ingetoka humo. Kurudi kungekuwapo, ila baada ya miaka 70. Bila shaka wengi walivunjika moyo walipoisoma. Lakini ndiyo iliyowaweka hai.

Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959 walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa kwanza. Wengi wa wakimbizi wa kizazi kile hawakupata njia ya kurudi kwao hadi 1994. Katika miaka hiyo zaidi ya thelathini, aliyepanda migomba alikula ndizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo kuitii barua ya Yeremia leo kuna sura inayoonekana: kulima kiwanja ulichopewa hata kama kesi yako bado iko mezani, kumpeleka mtoto shule, kujifunza Runyankole, na kuishi vizuri na wenyeji wa Isingiro ambao ardhi na maji tunavitumia pamoja nao. Hiyo nayo ni ibada.

Huku kwetu kuna urithi wa namna hii. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Kigezi na Ankole, na wafuasi wake wakaitwa Balokole. Walikutana mara kwa mara, wakubwa kwa wadogo, wakisoma Neno, wakitubu mbele ya wenzao, na kuwekana wazi mambo ya maisha. Mtu hakubaki na maono yake chumbani. Aliyaleta nuruni, ndugu wakayapima.

Katika malezi hayo alikulia Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu Dodoma kabla ya kuwa askofu wa Kigezi. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 16, 1977, chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku wakaingia Rwanda. Askofu akawa mkimbizi. Alichokipata katika giza lile kilikuwa kazi ngumu kuliko kungoja: kumsamehe aliyemfukuza. Mwaka huohuo alichapisha kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Idi Amin. Alirudi baada ya Amin kuanguka 1979, lakini la kufanya na uchungu wake alikuwa amelijua mapema, kabla hajajua kama atarudi.

Magharibi hii ya Uganda inaijua pia njia ile nyingine, ya wenye kutoa tarehe, na mwisho wake. Viongozi wa kundi la Kanungu waliwaambia wafuasi kwamba dunia itakwisha Desemba 31, 1999. Watu waliuza mali zao. Walikatazwa kuzungumza wao kwa wao, wakawa wanaonyeshana kwa ishara. Tarehe ilipopita wakapewa nyingine, na Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada. Mmoja wa viongozi hao, Dominic Kataribabo, alikuwa amewahi kuwa padri tena msomi. Mwaka 2023 ikawa Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa ya watu walioambiwa wafunge hadi wakutane na Yesu. Naomba tusiwaite wajinga. Walikuwa na maswali kama yetu, wakampata mtu asiyekuwa na shaka hata kidogo.

Basi tupime. Kwanza, je, neno hili lina bei? Petro alimkemea Simoni aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na anayeiuza hana tofauti naye. Pili, je, naruhusiwa kuuliza? Waberoya katika Matendo 17 wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ni kweli. Ikiwa Paulo alichunguzwa, hakuna nabii wa Nakivale aliye juu ya kuchunguzwa. Tatu, je, linanirudisha kwa watu wangu au linanitenga nao? Neno linalokuambia mwache mumeo, mshuku mama mkwe wako, acha dawa zako, limejifunua lenyewe.

Hilo la dawa nalikazia. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, Mungu alimpa kwanza usingizi na mkate, mara mbili, ndipo baadaye akasema naye. Mtu asiyelala kwa yale aliyoyaona Rutshuru anahitaji maombi, na anahitaji daktari. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara ina wataalamu wa afya ya akili, na mchungaji anayemsindikiza muumini wake hadi mlangoni pao ametimiza uchungaji wake.

Nanyi maaskofu na mapadri wa Ruharo na Nyamitanga, huko Mbarara, nawaomba kwa heshima: tumeni watu wanaojua Kiswahili wakae Nakivale wiki nzima nzima, wafundishe Yeremia 29, wawasikilize watu bila kuwaharakisha. Wachungaji wetu wadogo wa makambini wanabeba mzigo mkubwa, wengi bila mshahara wala mafunzo. Wakiachwa peke yao, wenye tarehe watashinda.

Na wewe msomaji uliye njia panda: kabla hujapeleka mbegu yoyote mahali popote, lipeleke swali lako kwa watu wawili wanaomcha Mungu na wasiofaidika chochote na jibu utakalochagua. Ombeni pamoja, someni pamoja, kisha fanya lile jema lililo mbele yako leo.