Kunguru Hafugiki, na Chuki Haifagii

Ndege mmoja wa shingo ya kijivu ametiwa hatiani katika pwani nzima ya Afrika ya Mashariki, na hukumu yake imesomwa kabla ya mashahidi wote kuitwa. Unguja huitwa kunguru wa Bara Hindi. Bara wako wamwitao kunguru wa Zanzibar. Mombasa ni kurabu. Miji humpa ndege huyu jina la kwa jirani, aghalabu ili isije ikaulizwa ni nani amlishaye. Sasa amekwisharipotiwa Morogoro na Dodoma, katika mapito yale yale yaliyowachukua wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Mbele yake iko Tabora. Kabla hajatua huko, yafaa lisemwe neno ambalo visiwa vimelilipia kwa zaidi ya miaka mia moja: Tabora isipelekewe chuki kabla ya kupelekewa ufagio.

Asidhani mtu kwamba hapa anatafutiwa kunguru msamaha. Makosa yake ni ya kweli. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hunyakua vifaranga uani, huchafua visima na mapaa, na popote alipojaa, kunguru wa asili mwenye kifua cheupe hupungua. Yule wa kifua cheupe ndiye aliyekuwapo wahenga walipotunga methali zao. Ndiye mwoga akimbizaye ubawa wake, ndiye asiyefugika. Tabora bado anaye. Chuki isiyotofautisha shingo ya kijivu na kifua cheupe itamuua mwenyeji kwa kosa la mgeni, kisha itajisifu kwamba imehifadhi mazingira.

Lakini mashtaka yana upande wa pili usiosomwa. Kunguru huyu hakujileta Unguja. Aliletwa katika miaka ya 1890, Uingereza ilipokwisha kuitwaa Zanzibar chini ya himaya yake, na sababu iliyotolewa ni kwamba angesaidia kula taka za mji. Yaani wakuu waliona taka, na badala ya kuziondoa wakaagiza ndege. Ilipofika mwaka 1917 alikuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa waharibifu, na ujira ukatolewa kwa wenye kumuua. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Katika miaka ya 1990 Zanzibar, kwa msaada wa Finland, iliwapunguza mno. Fedha zilipokwisha, kunguru wakarudi. Kuanzia mwaka 2010 Dar es Salaam nayo ikatumia sumu. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja katika pwani yake.

Msomaji na aitazame orodha hiyo kwa utulivu. Kila kizazi kimetangaza vita, kikahesabu mizoga, kikapiga picha, kikanyamaza. Si kwamba sumu haiui, yaua. Kosa ni kwamba jaa limeachwa pale pale. Kunguru huyu si ndege wa msituni. Haishi ila alipo binadamu: sokoni, machinjioni, bandarini, nyuma ya hoteli. Idadi yake ni hesabu ya makombo yetu iliyoota mbawa. Anayewaua nusu na kuwaachia waliobaki chakula chote amewapa karamu tu, na msimu wa kutaga ukifika atalipwa.

Watu wa njia ya misafara hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika mwaka 1872 tekenya, yule funza wa vidoleni, alishuka pwani ya Angola kutoka Brazil kwa meli. Hakupewa tiketi wala cheo. Alipanda miguu ya wapagazi na askari, akalivuka bara zima kutoka magharibi, akafuata misafara hadi pwani ya mashariki kabla karne ya 19 haijakwisha. Wanyamwezi, ambao nyayo zao ndizo zilizoibeba biashara ya pembe za ndovu, walimjua kwa maumivu. Yuko aliyemchukia kunguru kuliko mchukuzi wa mzigo alivyomchukia tekenya? La hasha. Lakini tekenya hakupungua kwa kutukanwa. Alipungua palipokuwa na viatu, sakafu ngumu na ua uliofagiwa. Na pale ambapo umaskini umewanyima watu vitu hivyo, yupo hadi leo.

Tena neno hili "mgeni" lipimwe vizuri kabla halijasafirishwa kwenda Unyanyembe. Tabora ni mji uliojengwa na wapitao. Miembe inayotoa kivuli Kwihara na Ujiji asili yake ni Bara Hindi, sawa na kunguru. Mihogo na mahindi yametoka Marekani. Kiswahili chenyewe kilifika huko kikiwa kimebebwa pamoja na shanga na vitambaa. Kama kosa ni kutoka ng'ambo, basi ukatwe kwanza mwembe. Na kama kosa ni madhara, ambacho ndicho kipimo cha haki, basi aitwe kizimbani mgeni mwingine ambaye hakuna anayethubutu kumtaja: tumbaku. Nayo imetoka Marekani. Miti ya miombo hukatwa ili majani yake yakaushwe kwa moto, na pamoja na miti hiyo huondoka maua ya nyuki walioipa Tabora sifa ya asali. Hakuna aliyetangaza vita dhidi ya tumbaku, wala aliyeiita mvamizi. Mgeni mwenye faida hukaribishwa kwa jina la zao la biashara. Mgeni asiye na wakili huitwa adui wa viumbe asilia.

Hapo ndipo siasa ya uhifadhi inapojifichua. Kumchukia kunguru hakumgharimu mkubwa yeyote kitu. Hana kura, hana kampuni, hana ubalozi. Kuzoa taka kila siku, kulifunika jaa, kuyasimamia machinjio na kuwalipa wafagiaji ujira wa haki, hayo yanagharimu, wala hayapigiwi picha za ushujaa.

Basi Tabora bado ina nafasi ambayo Unguja iliipoteza. Reli iliifikia mwaka 1912. Mzigo wa pwani haukuanza jana kwenda huko, na kunguru ajuaye kupanda meli hatashindwa kufuata behewa. Wachache wa kwanza wenye shingo ya kijivu waondolewe mapema, na wanaojua kazi hiyo, bila matusi na bila kumgusa mwenye kifua cheupe. Lakini kazi ya kwanza ifanyike sokoni, kabla hata mmoja hajaonekana. Afisa atakayeshuka kituoni na chupa ya sumu mkononi na aulizwe swali moja na wenyeji: taka za leo jioni zitalala wapi? Akikosa jibu, wamwonyeshe treni ya kurudi.