Ameponyoka vita, lakini usingizi haurudi

Mwezi huu tuzungumze juu ya ndugu munayekaa naye nyumbani, yule aliyekuja mbio.

Katika miji yetu ya migodi, tangu Kolwezi na Likasi mpaka Kipushi, jamaa nyingi zimepokea watu. Wamoja walitoka Kasai wakati wa vita ya Kamuina Nsapu, mwaka 2016 na 2017. Wengine walitoka Moba na Pweto. Wenzao walivuka mupaka, na kule Zambia kambi ya Mantapala ikafunguliwa kwa ajili yao mwaka 2018. Wengine walitoka Kivu wakati Goma na Bukavu zilikamatwa, mwanzo wa mwaka 2025.

Muliwapa kitanda, munagawanya nao bukari. Ni vizuri. Lakini kisha miezi kupita, maneno yanaanza: «Tantine usiku halalake, anatembea tu mu kiwanja.» «Ule kijana, mulango ukipigwa anaruka.» Jirani mumoja anasema walimuroga. Mwingine anasema ni uvivu. Na katika kanisa wanasema imani yake ni kidogo.

Ndugu, musiharakishe kusema vile. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitoa hesabu juu ya inchi zilizopata vita. Katika watu 100, karibu 22 wana ugonjwa wa akili au wa mawazo: 13 ugonjwa mwepesi, 4 wa katikati, na 5 ugonjwa mukali. Sasa hesabuni watu wa kanisa lenu waliokimbia. Lakini muone vilevile kwamba walio wengi hawana ugonjwa. Wana huzuni na usingizi mubaya, na mambo hayo yanapunguka wakipata usalama, chakula na watu wao.

Mwili uliozoea hatari unaendelea kulinda hata pahali pa amani. Masikio yanangojea tu risasi. Tena si mambo ya zamani peke yake yanayosumbua. Kukosa kazi, kukosa makaratasi, kukosa habari ya mutoto aliyepotea njiani, hayo njo yanamaliza mutu kila siku.

Someni 1 Wafalme 19. Elia alikimbia Yezebeli, akafika jangwani, akaomba afe. Malaika hakumukemea. Alimupa mukate na maji, akamwacha alale, kisha akamupa tena. Maulizo yalikuja nyuma, kule Horebu. Na mwishoni Mungu akamupa mwenzake, Elisha.

Na nyinyi muanze vile. Chakula kwa saa yake, pahali pa kulala pasipo makelele, kazi ndogo ya nyumbani inayomupa heshima. Musimulazimishe kueleza mambo aliyoona. Akitaka kusema, sikilizeni bila kumukata. Asipotaka, kaeni naye tu. Moyo ukipiga mbio, mumufundishe kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole, kwa dakika chache.

Musifikiri kazi hii inahitaji diplome. OMS ilitengeneza mafundisho ya mikutano 5, ambayo watu wasio waganga wanaweza kuyaongoza wakiisha kufundishwa. Katika Uganda, kwenye kambi ya Rhino, wanawake waliotoka Sudani ya Kusini walikutana mara 5 kwa makundi, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: mateso yao ya moyo yalipunguka kupita ya wale wasiofuata mikutano. Mukutano wa wamama wa kanisa lenu unaweza kuwa mulango wa kazi ya namna ile.

Lakini kuna alama zinazoomba muganga upesi: mutu anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, hakuli siku nyingi, anaanguka kifafa, anasema afazali afe. Kwa hii ya mwisho, mumuulize waziwazi: «Unafikiri kujiua?» Ulizo hilo halimutii wazo jipya, linamufungulia njia ya kusema. Musimwache peke yake. Ondoeni dawa ya panya, dawa ya shamba na kamba. Muende naye kwenye hospitali. Kule Lubumbashi Frères de la Charité wana hospitali ya wagonjwa wa akili, jina lake Joseph Guislain. Usikatae kwenda kwa sababu ni ya Wakatoliki.

Muganga akimupa dawa, azifuate. Dawa za ugonjwa wa huzuni zinaweza kuchukua wiki 2 mpaka 4 mbele ya kuonyesha nguvu yake, basi musiseme siku ya tatu kwamba hazifanye kitu. Tunaomba asubuhi, na dawa anameza asubuhi. Mutu akiwaambia mutupe dawa juu ya maombi, ao mumufunge mugonjwa na munyororo, ao mumufungishe njaa, mukatae, hata akiwa amevaa koti la muchungaji. Na kama ni mutoto, mukatae kabisa kumuita mulozi.

Vijana, nanyi muko na kazi. Musimucheke mwenzenu juu ya luga yake ao woga wake. Mumuite kwenye mupira, mumupe kiti katika kwaya. Kuitwa kwa jina na wenzake ni musaada mukubwa.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani: Ni nani kwetu halali vizuri? Nani kati yetu atakaa naye juma hili? Na siku ya hospitali ikifika, nani atamusindikiza?

Mungu awape uvumilivu. Tutaonana mwezi ujao.