"Tairi Lilipasuka" Si Jibu la Kutosha

Kila mhudumu wa afya anayepokea majeruhi katika Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au katika hospitali na vituo vya afya vya Handeni, ameyasikia maneno haya mawili: tairi lilipasuka. Husemwa kwa sauti ile ile ambayo mtu hutaja radi. Mgonjwa huyasema, ndugu zake huyarudia, na mazungumzo huishia hapo, kwa kuwa mfupa wa muundi uliovunjika hutibiwa vilevile, liwe tairi limepasuka au ng'ombe amekatiza barabara. Kwa matibabu ya siku hiyo, hoja hiyo ni sahihi. Kwa afya ya jamii ni hasara, maana tairi kwa kawaida huugua muda mrefu kabla ya kupasuka.

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi zinazoushikilia. Mzigo ukizidi, kama ilivyo kwa pikipiki iliyopakia mshikaki wa abiria na gunia la mahindi juu yake, joto huongezeka. Dereva akitoka kwenye vumbi la kijijini na kuingia kwenye lami, mwendo hukua na joto huongezeka tena. Tairi linaweza kuvumilia hali hiyo wiki nyingi bila dalili ambayo mtu asiyekagua angeiona, kisha likaachia mchana mmoja wa jua kali kati ya Korogwe na Handeni. Wauguzi wa kliniki za shinikizo la damu wanaufahamu mwenendo wa namna hii, ingawa hapa linaloua ni shinikizo la chini.

Vijiweni husikika pia hoja kwamba tairi kipara hushika lami kuliko jipya, na ushahidi unaotolewa ni pikipiki na magari ya mashindano, ambayo matairi yake hayana mfereji hata mmoja. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoifanya iwe ya hatari. Ni kweli kwamba juu ya lami kavu, tairi lisilo na mifereji huigusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Lakini tairi la mashindano limezaliwa hivyo. Mpira wake ni mteke na hushika vizuri ukiwa na moto wa kutosha, ndiyo maana mara nyingi hufunikwa kwa blanketi za umeme kabla ya mbio. Mvua ikianza hutolewa, kwa sababu bila mifereji maji hayana pa kupita na gurudumu huelea juu yake. Hata wale wanaoshindana kwa kujifurahisha tu siku za mapumziko hupima upepo kabla na baada ya kuingia uwanjani, na hulitupa tairi kabla halijawatupa wao.

Wanaoyajua matairi hayo zaidi ndio wanaoyaogopa zaidi. Katika mashindano ya Formula 1 ya Indianapolis, Marekani, tarehe 19 Juni 2005, magari 14 kati ya 20 yaliacha mbio baada ya mzunguko wa kupasha moto, kwa kuwa kampuni iliyoyapa matairi haikuweza kuthibitisha usalama wake katika kona moja ya mwendo mkali. Yalibaki magari sita mbele ya umati uliokuwa umelipa kiingilio.

Tairi kipara la bodaboda limekuwa tupu kwa sababu mpira umekwisha. Kilichobaki ni ngozi nyembamba iliyokaushwa na jua juu ya nyuzi, na msumari mdogo ambao tairi jipya lingeumeza hufika moja kwa moja kwenye tyubu. Tairi la namna hiyo linafaa kukatwa katambuga, kazi ambayo mafundi wa minadani wanaiweza vizuri.

Ni rahisi kumlaumu kijana anayeliendesha. Wengi wao hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila jioni wanadaiwa hesabu ya mwenye chombo, mvua inyeshe au isinyeshe. Makubaliano hutaja kiasi cha kila siku na mwezi ambao pikipiki itakuwa mali ya dereva, huku suala la nani anunue tairi likiachwa hewani. Basi tairi hutumika mpaka nyuzi zionekane, na likibadilishwa huwekwa la mtumba ambalo hakuna aliyesoma umri wake, ingawa matairi mengi yana tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kijana akivunjika mguu, hesabu husimama, na mwenye chombo naye hupoteza miezi ya mapato kwa ajili ya tairi moja.

Mabasi nayo hayako nje ya jambo hili. Tarehe 28 Juni 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, kwenye barabara hii hii inayoshuka hadi Korogwe, basi liligongana na Coaster na magari yote mawili yakawaka moto. Hesabu ya mwanzo ilikuwa watu 38 waliokufa, na taarifa za awali zilisema tairi la basi lilipasuka. Lakini lilipasuka kwa nini? Upepo, umri, mzigo au kasoro ya kiwandani? Kila jibu lina dawa yake.

Kumbukumbu ndogo zinaweza kufika mbali. Mwaka 1998 mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm nchini Marekani aliona kwenye majalada yake ajali 21 zilizofanana: matairi ya Firestone yaliyoachana tabaka, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer. Agosti 2000 matairi yapatayo milioni 6.5 yalirudishwa kiwandani.

Madaftari ya MTUHA huwahesabu majeruhi, lakini hayalitaji tairi. Watapinga wengine kwamba muuguzi wa zamu ya usiku hana muda wa ufundi wa magari, na wana haki. Maswali matatu yangetosha, yaulizwe mgonjwa akishatulia, au ndugu aliyekiona chombo: lilipasuka la mbele au la nyuma, lilikuwa limebaki na mifereji, na upepo ulipimwa lini mara ya mwisho. Kikwazo kikubwa zaidi ni hofu. Majeruhi amefika na PF3 ya polisi mkononi, anajua mwenye chombo atauliza, na hataki maneno yake yageuke mashitaka. Kwa hiyo majibu hayo yaandikwe pembeni, bila jina wala namba ya pikipiki, na kila robo mwaka jumla yake ipelekwe kwa viongozi wa vijiwe na wamiliki wa vyombo, ambao ndio wenye uwezo wa kukubaliana kwa maandishi nani atanunua tairi lijalo.