Maoni: Projekta ikikataa, mashini haijafa

BUKAVU – Mwanafunzi mmoja wa hapa mjini alisimama mbele ya jury kutetea TFC yake. Alikuwa na laptopu ya okazyo yenye Ubuntu, kebo ya HDMI na projekta ya kuazima. Ukuta ulibaki mweusi. Alichomoa kebo, akachomeka tena, akazima mashini na kuiwasha upya, hakuna kitu. Mwishowe akatetea kwa mdomo tu, michoro ya miezi mingi ikibaki ndani ya mashini. Kesho yake fundi akamwambia kwamba tundu la HDMI limeungua na ni lazima kubadilisha karte mere kwa dola 80.

Tundu lilikuwa zima. Kijana mwingine alifungua terminali, akaandika prime-select query, na mashini ikajibu neno moja: intel. Akaandika sudo prime-select nvidia, akawasha upya, projekta ikawaka. Kazi hiyo haikugharimu hata franka moja, lakini siku ya jury ilikuwa imeshapita.

Hukumu ya namna hii, ya kutangaza kifo bila kupima mgonjwa, ndiyo inayopaswa kukomeshwa katika vibanda vya mafundi.

Laptopu nyingi zina chipu mbili za picha. Moja imo ndani ya prosesa ya Intel na inatumia umeme kidogo. Ya pili ni ya NVIDIA, ina nguvu zaidi lakini inakula betri. Mwaka 2010 NVIDIA ilileta mbinu iitwayo Optimus: chipu ndogo ifanye kazi za kila siku, kubwa ilale mpaka iitwe. Kwa mji ambapo umeme unakatika ovyo, hilo ni jambo la maana. Mwanafunzi huyo mwenyewe alikuwa ameizima chipu kubwa miezi iliyopita, ili betri idumu.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Kwenye mashini nyingi za aina hiyo, ekra ya laptopu imeungwa kwenye Intel, na tundu la HDMI limeungwa kwenye NVIDIA. Chipu hiyo ikizimwa, au draiva yake isipoitika, laptopu inaendelea kuonyesha picha kama kawaida huku HDMI ikiwa kimya. Ni sawa na robine nzima ambayo tangi lake limefungwa. Hakuna anayevunja ukuta kabla ya kwenda kuangalia tangi.

Mafundi wanajitetea kwamba wateja ni wengi na megabaiti ni ghali. Utetezi huo hautoshi, kwa sababu vipimo vya kwanza havihitaji intaneti. Kwanza, kebo na projekta vijaribiwe kwa mashini nyingine. Pili, lspci itaonyesha kama mashini ina chipu mbili. Tatu, kwenye Ubuntu yenye draiva ya NVIDIA, prime-select query itaeleza ni chipu gani iliyochaguliwa. Nne, nvidia-smi ikileta kosa, basi draiva haijaitika. Mara nyingi ni Secure Boot inayoizuia, au kerneli mpya iliyoingia wakati wa kusasisha bila draiva kujengwa upya. Hapo mtu anaweza kuwasha kwa kerneli ya zamani kupitia menyu ya GRUB, akaona kama picha inarudi. Na nembo ya kampuni ikitokea kwenye projekta wakati mashini inawaka, ni ushahidi kwamba tundu liko hai. Isipotokea, hilo peke yake halithibitishi kwamba limekufa.

Wengine wanailaumu Linux, kisha wanamwekea mteja Windows ya wizi, na virusi vinafuata. Lawama hiyo imekosea njia. Kwa miaka mingi NVIDIA ilificha kodi ya draiva zake, hadi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaikaripia hadharani nchini Finland mwaka 2012. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilifungua sehemu ya kodi hiyo, lakini kwa chipu za kizazi cha Turing na zilizofuata. Mashini za okazyo zenye chipu za zamani zaidi hazikuguswa na neema hiyo. Ndiyo maana fundi wa hapa anapaswa kulijua jambo hili kuliko fundi wa Ulaya: mashini inayoachwa kule ndiyo inayokuja kusomesha watoto wa huku.

Matundu yanaungua kweli, hasa umeme unaporudi kwa kishindo. Lakini anayedai dola 80 ana deni la kuonyesha ushahidi kwanza. Mteja naye ana haki ya kuuliza: umepima nini, na mashini ilijibu nini? Fundi asiye na jibu asiguse turnevisi.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kumruhusu mwanafunzi kujaribu projekta siku moja kabla ya kutetea hakuhitaji bajeti, kunahitaji ufunguo wa sale tu. Mwaka mzima wa masomo usipotee mbele ya jury kwa sababu ya chipu iliyolala.