Flashi Ikibadili Herufi
JICHO LA FUNDI

Programu ya kubebeka ni ile inayofanya kazi bila kusakinishwa. Inakaa ndani ya folda moja, mara nyingi kwenye flashi, na ikibofywa inafunguka papo hapo. Kwa kuwa haikusakinishwa, haikujiandikisha popote, na mfumo wa Windows hauitambui. Hati ya PDF ikibofywa mara mbili, Windows haitafuti programu iliyo nyepesi wala iliyo karibu. Inafungua rejista yake na kutazama ni ipi iliyoandikiwa kazi hiyo, na hiyo ndiyo huitwa programu chaguo-msingi. Ambayo haimo rejistani haiitwi, hata kama ndiyo bora kuliko zote zilizomo kwenye kompyuta.

Mwenye kompyuta ana haki ya kuiandikisha programu yoyote anayoipenda, iwe imesakinishwa au imebebwa mfukoni. Haki hiyo ilikanyagwa wiki hii katika steshenari moja ya Dar es Salaam, mbele ya foleni ya wanafunzi waliokuja kuchapisha hati.

Kompyuta ya pale ni kuukuu. Hati za PDF zilikuwa zikifunguliwa na kivinjari, nacho kilikuwa kikichukua muda mrefu hata kuonyesha ukurasa wa kwanza. Kijana mhudumu aliamua vizuri: aliweka SumatraPDF, programu ndogo isiyohitaji kusakinishwa, kwenye flashi yake ya kamba nyekundu. Jumatatu aliifanya chaguo-msingi, na siku nzima kazi ilikwenda bila kukwama.

Jumanne asubuhi hakuna hati hata moja iliyofunguka. Usiku flashi nyingine ilichomekwa kwanza, ikachukua herufi ya diski E iliyokuwa ya ile ya kamba nyekundu, na hii ilipochomekwa ikapewa F. Kijana akabofya kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kufungua kwa programu nyingine, akaenda mpaka kwenye F, akaonyesha SumatraPDF, akaweka alama ya kutumia programu hiyo daima. Kisanduku kikajifunga kana kwamba amri imekubaliwa, lakini hati haikufunguka. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Msichana mwenye barua ya maombi alikuwa akitazama saa ya ukutani. “Kaka, saa sita wanafunga kupokea,” alisema, na kijana akamjibu, “Dada, naona, nivumilie kidogo.” Mama mwenye duka akatoka nyuma na kutoa hukumu: programu za kuokoteza zisitumike tena dukani kwake.

Hukumu hiyo ilimwangukia asiye na kosa. Mtumiaji anapochagua programu kwa njia ile, Windows huandika mambo mawili katika sehemu ya rejista inayomhusu mtumiaji huyo, HKEY_CURRENT_USER. Kwanza, chini ya Software\Classes\Applications, huandika jina la faili la programu pamoja na njia yake kamili, kuanzia herufi ya diski. Pili, huandika kwamba faili zenye kiendelezi fulani, kwa mfano .pdf, zifunguliwe na jina hilo. Siku ya pili jina lilikuwa tayari limo, na njia yake ilianza na E. Jina lilelile linapoonyeshwa tena kutoka F, mara nyingi Windows huiacha njia ya zamani kama ilivyo. Haitoi onyo wala ujumbe wa kosa. Kumwacha mtu akirudia kitendo sahihi mara tatu bila kumwambia kwamba hakikupokewa ni ubovu wa utengenezaji, na ubovu huu umedumu kwa matoleo mengi.

Aliyeiokoa asubuhi ile ni mwanafunzi wa nne kwenye foleni. Alibadilisha jina la faili la programu kwa kuongeza tarakimu moja, akaichagua upya, na hati ikafunguka. Jina jipya halikuwa na kumbukumbu ya zamani, hivyo rejista ikaliandika pamoja na njia ya F. Barua ya msichana ilichapishwa saa tano na dakika arobaini.

Dawa ya kudumu ni kuipa programu anwani isiyohama. Kama kompyuta ni ya mhusika mwenyewe, folda nzima inakiliwa kwenye diski ya ndani, kwa mfano C:\Programu, na chaguo-msingi linaelekezwa huko. Kwa kazi ya kila siku hakuna sababu ya kuiacha kwenye flashi. Kama ni lazima ibaki kwenye flashi, zana ya Windows ya kusimamia diski inaruhusu kuipa flashi hiyo herufi maalumu. Iliyo mbali katika alfabeti, kama P, haigombaniwi na vifaa vingine.

Kosa la pili linalotokea sana ni kuchagua faili lisilo sahihi. Programu nyingi zinazotolewa na PortableApps.com, mradi uliokua kutokana na Firefox ya kubebeka aliyoitengeneza John T. Haller mwaka 2004, zina faili mbili za kuzindua. FirefoxPortable.exe hukaa juu, na firefox.exe hukaa ndani zaidi. Ile ya juu ndiyo inayoelekeza alamisho, nywila na mipangilio ndani ya folda ya kubebeka. Anayeifanya ile ya ndani kuwa chaguo-msingi anaanza kuweka mambo yake kwenye kompyuta yenyewe, kinyume cha kusudi zima la kubeba programu.

Vivinjari vina ugumu wao. Havihusiki na viendelezi tu, bali pia na viungo vya http na https, na orodha ya Mipangilio huonyesha programu zilizojiandikisha katika ufunguo wa RegisteredApplications pekee. Kivinjari cha kubebeka hakimo humo mpaka mtu akiandikishe kwa mkono au kwa zana ndogo ya kazi hiyo, kisha akichague mwenyewe katika Mipangilio.

Ugumu huu uliongezwa kwa makusudi. Mpaka Windows 7, programu iliweza kujiandika yenyewe. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, uchaguzi wa mtumiaji huambatana na msimbo wa uthibitisho, na usipolingana mfumo huutupa. Sababu inayotajwa ni kuzuia programu haribifu, na sababu hiyo ina ukweli. Lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Chris Beard, mkuu wa Mozilla wakati huo, alimwandikia Satya Nadella wa Microsoft barua ya wazi akilalamika kwamba uchaguzi wa watumiaji unafutwa wanapohamia toleo jipya. Mwaka 2013 Tume ya Ulaya ilikuwa imeitoza Microsoft euro milioni 561 kwa kutowaonyesha watumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari, ingawa iliahidi. Na mwaka 2024 kiliongezwa kwenye Windows kiendeshi kinachozuia programu nyingine kugusa uchaguzi wa http, https na .pdf ndani ya rejista. Mlinzi anayeliwekea kufuli zaidi lango lile ambalo bidhaa yake mwenyewe inalipigania hawezi kuaminiwa kwamba analinda mali ya mwenye nyumba tu.

Kwenye Linux, programu ya AppImage huandikiwa faili fupi la maandishi katika folda ya mtumiaji, na amri moja ya xdg-mime humaliza kazi. Kwenye kompyuta za Mac programu nyingi tayari ni folda zinazoburutwa tu, na dirisha la taarifa za faili lina kitufe cha kubadilisha zote kwa pamoja.

Kwenye kompyuta ya mtu mwingine, iwe ya kazini au ya mgahawa wa intaneti, programu ya kubebeka isifanywe chaguo-msingi hata kidogo. Flashi ikiondoka, rejista inabaki ikielekeza mahali pasipo na kitu, na mteja anayefuata anakuta hati zisizofunguka. Huko inatosha kuifungua programu kwanza, kisha kufungua hati kutoka kwenye menyu yake. Kama ilikwisha kuandikwa, inachaguliwa tena ile iliyokuwepo mwanzo, na hati moja inabofywa kwa majaribio kabla ya flashi kuchomolewa.