Mzazi Ajaye kwa Mbio Moja

Kila ufikapo msimu wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi hapa Tanzania, na shule za kata zikakusanyika uwanjani kuchagua watoto watakaokwenda kushindana wilayani, husikika miongoni mwetu maneno ambayo watu wazima wenye akili timamu huyasema pasipo haya: kwamba siku nzima ya michezo ya watoto ni siku iliyopotea, ila kwa yule ambaye mwanawe ameshinda, na kwamba mzazi mwerevu ni yule aulizaye mapema saa ya zamu ya mwanawe, akaja muda mchache kabla yake, akatazama, akapiga picha kwa simu yake, kisha akashika njia. Dhana hii imeenea mno hata watu hawaihesabu tena kuwa dhana, bali huiona kuwa ndiyo busara yenyewe. Mimi naipinga, tena kwa moyo wangu wote, kwa kuwa inatunyima wazazi neema ambazo aghalabu hazipatikani siku nyingine, na inawafunza watoto wetu kipimo kiovu cha kujipimia.

Na tuanze na hesabu, maadamu wenye dhana hii ndio wapendao hesabu. Mbio za mita 100 kwa mtoto wa darasa la tano hazifiki nusu dakika. Za mita 800 ni dakika tatu au nne. Kuruka chini ni kufumba na kufumbua. Hata mtoto aliyejaaliwa kuingia katika mbio mbili tatu, akavuka na mchujo, muda wake wote wa kushindana siku ile haufiki robo saa, ilhali siku yenyewe huanza asubuhi na mapema na kwisha alasiri jua likielemea. Ikiwa baraka imo ndani ya robo saa hiyo peke yake, tena kwa sharti kwamba mtoto awe wa kwanza, basi tumekubali kwamba mamia ya watoto na wazazi wao wamekusanywa juani ili wachache wapate na waliosalia wakose. Na jambo hilo lingekuwa kweli, ningekuwa wa kwanza kuwasihi walimu waifute siku hiyo katika kalenda ya shule.

Lakini si kweli, na ushahidi umo katika saa zile ambazo mzazi mwerevu huzidharau kwa kuziita kungoja. Asubuhi walimu huwa wamekwisha kunyoosha kamba na kumwaga chokaa, watoto wakubwa wanabeba madawati kuyapeleka chini ya mkungu, na wauzaji wa mihogo ya kukaanga na barafu za ukwaju wanatandaza bidhaa zao pembezoni mwa uwanja. Atakayekuwapo wakati huo atamwona mwanawe kwa tabia ambayo nyumbani haijui kamwe: yule anayebembelezwa mpaka ale, huku anawapanga watoto wa darasa la pili kwenye mstari nao wanamtii, na yule msemaji asiyenyamaza usiku wala mchana, ameketi kimya kando ya mwenzake aliyetolewa kwenye mchujo, hajui amwambie nini, walakini haondoki. Nimepata kuwaona watoto wawili waliokuwa na jozi moja ya raba baina yao. Wa kwanza, alipomaliza mbio zake, alizivua papo hapo hali anahema, akamkabidhi mwenziwe aliyekuwa karibu kuitwa, akapiga magoti kumsaidia kufunga kamba, maana vidole vya yule wa pili vilikuwa vinatetemeka. Mzazi wa wa kwanza alikuwa amekwisha kuondoka, na mzazi wa wa pili alikuwa hajafika, kwa sababu jambo lile lilitukia baina ya zamu mbili, na wote wawili walikuwa wamekuja kwa ajili ya zamu.

Tazama pia mpira wa pete. Timu ina wachezaji saba, na sheria ya mchezo inawaruhusu wawili tu kufunga. Watano waliosalia hawafungi abadani, hata wacheze kwa ustadi wa namna gani, nao wakiudaka mpira hawana ruhusa ya kukimbia nao wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Mzazi anayehesabu magoli atakuwa na watoto watano mbele ya macho yake asiojua kuwatazama. Anayekaa, mchezo wa kwanza mpaka wa tatu, huanza kutambua kwamba binti wa katikati, ambaye jina lake halitangazwi, ndiye anayeona nafasi kabla ya wengine. Na kama binti huyo ni wake, siku ile amejua jambo kuhusu akili ya mwanawe ambalo ripoti ya shule haitamwambia.

Wala jambo hili si la watoto peke yao. Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki, akashangiliwa kama alivyostahiki, na watazamaji wengi wakaenda zao, wakiamini kwamba kilichowaleta kimekwisha. Zaidi ya saa nzima baadaye, giza likiwa limeingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyekuwa ameanguka njiani akaumia goti, aliingia uwanjani akichechemea na bandeji mguuni, akamaliza wa 57, nyuma ya wote waliomaliza. Katika nchi hii jina lake linatajwa mpaka leo. Waliobaki ndio waliomwona. Walioondoka walikuwa wamelipia kiingilio kilekile.

Sisemi kwamba mama muuza vitumbua, ambaye asipoketi kwenye meza yake leo wanawe hawali kesho, amefanya kosa kwa kutofika. Huyo udhuru wake ni dhahiri, na mwanawe anaujua. Maneno yangu yanawaelekea wenye nafasi, ambao huketi dakika 90 mbele ya runinga kutazama timu za Uingereza zisizowajua, kisha wakaona dhiki kukaa kivulini asubuhi moja pamoja na jirani, wakijua hatimaye sura za watoto ambao majina yao husikika kila jioni wakati wa kula. Na zaidi yanawaelekea wale wanaosimama kwenye kamba wakimfokea mtoto aliyekuwa wa nne, mbele ya wenzake, kana kwamba ameiba. Hao ni matunda halisi ya dhana hii, kwa kuwa mtu aliyeamini kwamba siku nzima inategemea sekunde kumi na tano, zikimwendea kombo hana budi kuona amedhulumiwa, na mdhulumu anayemwona karibu naye ni mwanawe.

Walimu nao nawaomba jambo moja. Katika viwanja vingi, mara washindi watatu wakishapatikana, kipaza sauti huita mbio zinazofuata, na watoto wapya huingia njiani ilhali mtoto wa mwisho bado anakimbia, hata akalazimika kupenya kati yao kama mpita njia aliyekosea uwanja. Desturi hii ikomeshwe. Filimbi isipulizwe, wala jina la mwingine lisiitwe, mpaka huyo wa mwisho avuke mstari kwa miguu yake, na wazazi waliopo wamshangilie kwa jina lake, awe ni mtoto wao au si wao.